Bendera Zilizoangalia Nyuma

Karakana, Mugutha
Jioni ya kuamkia safari yako

Nekesa mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya kuambiwa. Nimemsikia tangu juzi. Usilale na nywele mbichi, usiazime sabuni ya mwenzio, maji ya Mombasa uyachemshe, chakula usichokijua ukionje kidogo kwanza, na mtu asiyekujua akikuita kwa sauti tamu shika kikapu chako vizuri. Sina la kuongeza hapo. Nikiongeza atasema nimemnyang'anya kazi.

Nimekuja karakana nikaweka karatasi juu ya benchi ya kupigia randa, kwa sababu mezani nyumbani kila anayepita anachungulia. Jua bado liko juu ya miti ya kahawa, taa sitaihitaji. Nakuandikia kwa Kiswahili wala si kwa Kibukusu cha kwetu Kimilili, maana mimi na mama yako tulikutana katika Kiswahili. Kikuyu changu ni cha kununulia ndizi, na Kibukusu chake ni cha kumsalimia mama yangu na kumuaga. Wewe umekulia hapo katikati, na lugha ya katikati ndiyo yako.

Jana ulipokuwa unakunja zile sare mpya za uuguzi uliniuliza swali. Hukuniuliza kwa ukali, hata hukuinua macho. Ulisema, "Baba, ruhusa uliyonipa ni ya mdomo ama ni ya moyo?" Nikajibu kwamba nina mbao za kufunika kabla mvua haijanyesha, nikatoka nje. Mvua haikuwapo. Ulijua haikuwapo, na mimi nilijua kwamba unajua, na usiku tulikula ugali kwa adabu nyingi kama wageni.

Barua hii ndiyo jibu. Lakini mimi ni fundi, sikati kabla ya kupima, kwa hiyo nivumilie kidogo. Jibu lenyewe linapitia kwenye ile meli yetu ndogo ya mbao.

Iko hapa mbele yangu. Nimeifunua ile shuka kuukuu ya mama yako inayoikinga vumbi. Mwanangu, nimeshika mbao tangu ndevu zangu hazijaota. Nimetengeneza vitanda ambavyo watu wamezaliwa juu yake, na masanduku ambayo watu wamezikwa ndani yake, na hakuna hata kimoja kilichonivua kofia. Mbele ya meli hii huwa naivua. Sijui ni kwa nini, maana nimeitengeneza mwenyewe, na najua kila mahali nilipomwaga gundi nyingi kuficha ufa. Hata hivyo nikiitazama hiyo milingoti mitatu, na kamba zinavyopanda na kukutana huko juu, moyo wangu unatulia ghafla kama mtu aliyeingia kanisani akakuta watu wanaomba.

Ilipoanza ulikuwa mdogo, kwa hiyo nitakusimulia. Yule mzee Mzungu wa shamba la juu, ambaye wafanyakazi tulimwita Kapteni kwa kuwa ujana wake wote aliupitisha baharini, aliniita nyumbani kwake. Kazi yangu kwake ilikuwa kutengeneza chanja za kuanikia kahawa, nikadhani chanja zimevunjika. Nikakuta ametandaza mezani karatasi pana zenye michoro. Ilikuwa meli ya zamani ya matanga, iliyokuwa ikibeba chai kutoka Uchina, na ilikwisha kuvunjwa kuni kabla babu yangu hajazaliwa. Babu yake yeye alifanya kazi melini humo. Kapteni alitaka ijengwe tena ndogo, kila futi moja ya meli ile iwe robo inchi, na kisikosekane kitu, hata ngazi, hata ndoo. Alitaka kuijenga kwa mikono yake, lakini viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, hata kikombe alikishika kwa viganja viwili.

Akaniuliza kama naweza. Nikasema naweza, bwana. Wakati huo maji mapana zaidi niliyowahi kuyaona ni bwawa la shamba, lile la kumwagilia kahawa.

Siku za mwanzo niliitazama ile michoro kama mbuzi anavyotazama gazeti. Kulikuwa na mistari iliyopinda kila upande, na hakuna hata kona moja ya mraba. Fundi wa nyumba anaishi kwa kona ya mraba, ukimwondolea hiyo umemfumba macho. Nilibeba karatasi zile nyumbani, nikazirudisha, nikazibeba tena. Kisha siku moja nilikuwa juu ya ghala nikipigilia paa. Nikatazama chini katikati ya miguu yangu, nikaona boriti ndefu ya juu na makombamoyo yanashuka kutoka kwake huku na huku. Nikakaa pale juu na nyundo mkononi. Vijana walioshika ngazi wakaniuliza kama naumwa. Nikashuka, nikaenda moja kwa moja kwenye ile michoro, nikaigeuza juu chini.

Ilikuwa paa. Meli ni paa lililolala chali, Nekesa. Ile boriti ndefu inalala chini kabisa ndani ya maji, na makombamoyo yanapanda kutoka kwake kama mbavu. Watu wa mbali, wasionijua, waliokufa zamani, walikuwa wamefanya kazi yangu, ila wao waliigeuza ili iende. Tangu siku hiyo sikuiogopa tena ile michoro, nilianza kuiheshimu.

Mbao za ubavuni nilitumia podo, nikaziloweka na kuzikunja juu ya mvuke wa sufuria ya mama yako, na ugomvi uliotokana na sufuria ile unaujua. Milingoti ni mtarakwa. Vile vigurudumu vidogo vya kupitishia kamba, vingine kama punje ya mahindi na vingine vidogo zaidi, nilivichonga kwa mti wa kahawa, mikahawa mizee iliyong'olewa. Watu wanadhani mti wa kahawa ni wa kuni. Ukiusubiri ukauke vizuri, unakatika laini kama pembe na haupasuki.

Sasa nikueleze kosa langu la kwanza, ambalo mpaka leo linanifanya nicheke peke yangu. Nilipofika kwenye sakafu ya juu, pale mabaharia wanapokanyaga, nilichukua pima maji yangu. Unaijua, ile iliyo na kitone cha hewa ndani ya kioo, kinachokaa katikati kitu kikiwa sawa. Nikaisawazisha sakafu ile toka mbele hadi nyuma, kitone hakikutikisika. Nikajisifu. Nikamwita Kapteni aje aone kazi ya fundi. Alizunguka mara moja, akacheka mpaka akakohoa, akaegemea ukuta. Akasema kwa kile Kiswahili chake, "Wewe natengeneza meza. Bahari hapana meza."

Akanionyesha kwa kile kiganja chake kigumu. Sakafu ya meli inapanda kuelekea mbele na kupanda kuelekea nyuma, tena katikati imevimba kidogo, ili maji yakiirukia yapate njia ya kurudi yalikotoka. Hayo yote yalikuwa kwenye michoro. Niliyaona, nikasema huyu mchoraji mkono ulimtetemeka, mimi nitamsahihisha. Nikaing'oa sakafu ile yote. Nilikasirika siku kadhaa, nikaikasirikia hata pima maji nikaitupa chini ya benchi. Baadaye nilipoiokota niliona haikuwa na kosa. Ilisema kweli, kweli ya nchi kavu. Mimi ndiye niliyeibeba kweli hiyo mpaka mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Miaka yenyewe ndiyo ile ya Hali ya Hatari. Wewe ulikuwa mtoto, ulijua tu kwamba filimbi ikilia jioni unaingia ndani. Mimi, kwa kuwa ni Mbukusu, niliweza kwenda Thika na kurudi, askari akanitazama tu usoni akaniacha. Mama yako, kwa kuwa ni Mkikuyu, hakuweza. Mama yake, cucu yako, walimhamishia katika kile kijiji kilichozungushiwa mtaro, ng'ambo ya mto. Ukisimama karibu na mashine ya kahawa unauona moshi wa kijiji kile, lakini mama yako hakuweza kuvuka daraja bila pasi, na kila alipoomba pasi aliambiwa arudi wiki ijayo.

Wakati huo nilikuwa nimekwama kwenye kamba. Meli ile ina kamba nyingi kuliko mbao. Kapteni aliagiza nyuzi Nairobi, lakini zilikuwa na manyoya, ukizitazama kwa karibu zilionekana kama mkia wa paka. Mama yako aliniletea chakula, akasimama akitazama ule mchoro wa kamba. Akasema, "Baba Nekesa, hii ni kiondo. Tofauti ni kwamba imesimama."

Akaketi chini juu ya maranda, akachukua katani, akaisokota juu ya paja lake kama wanavyosokota wasuka viondo, mkono ukienda mbele na kurudi. Ikatoka kamba safi, imezungukana vizuri, haina unywele hata mmoja. Akasokota nyingine nyembamba zaidi. Alipofika kwenye zile ndogo kabisa alitumia uzi wa pamba, na zikatoka nyembamba hivi kwamba nilizipoteza juu ya benchi nikazitafuta kwa kupapasa. Kapteni alipoziona alikwenda akaleta kile kioo chake cha kukuzia. Alizitazama moja moja. Kisha akamwinamia mama yako kichwa, na sijawahi kumwona akimwinamia mtu mwingine kichwa kwenye shamba hili.

Alisokota miezi. Alisokota badala ya kulia, nadhani. Alasiri moja alinyoosha donge zima la kamba, akalipima kwa mikono, akasema polepole, "Hizi kamba zote ukizifunga pamoja, zingefika kwa mama." Nilitaka kumjibu. Nilitafuta neno katika Kiswahili, katika Kikuyu changu cha ndizi, katika Kibukusu, nikakosa. Nikachukua patasi nikaanza kuinoa, na ilikuwa imeshanolewa. Tunashukuru Mungu, mitaro ilipofukiwa alimkuta mama yake hai. Lakini wewe ukiitazama meli ile usione kamba za meli tu. Ni miaka ya mama yako hiyo, imefungwa mafundo.

Matanga pia ni yake, kitambaa cha marekani kilichochovywa kwenye chai ya rangi ili kionekane kimepigwa na jua.

Kisha Kapteni akaugua. Walimpeleka Nairobi, na kutoka huko wakampandisha ndege kurudi kwao. Yeye, mtu wa meli, akarudi kwa ndege. Kabla gari halijaondoka aliniita dirishani, akasema niimalize na nikae nayo. Sikusikia tena habari zake. Nikaendelea bila mtu wa kunicheka, na fundi asiye na mtu wa kumcheka yuko hatarini.

Ndipo tunafika kwenye bendera. Zilibaki za mwisho. Michoro ilionyesha vijiti vya bendera tu, bendera zenyewe haikuzionyesha. Nikazikata kutoka kwenye kile kitambaa chekundu cha kichwa cha mama yako kilichoungua na pasi, nikazipaka gundi ili zikauke zikiwa na mawimbi, zionekane zinachezewa na upepo. Na nikazielekeza nyuma. Kwani bendera huelekea wapi? Nilikuwa nimeliona gari la DC, mkuu wa wilaya, likipita barabara ya Thika, na kile kibendera chake pale mbele kikipeperuka kurudi nyuma. Nimeona treni pale Ruiru, moshi unarudi nyuma. Kitu kikienda mbele, vyepesi vyake hubaki nyuma. Hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Ukarudi kutoka shule. Ulikuwa darasa la nne. Ukasimama hapo mlangoni na begi lako la gunia, ukatazama, ukasema, "Baba, bendera zimeangalia nyuma."

Nikakueleza habari za gari la DC. Ukafikiri. Ukasema gari la DC linajisukuma lenyewe, lakini meli inasukumwa na upepo. Upepo ukitoka nyuma ukajaza matanga, utazisukuma na bendera pia, zielekee mbele. Nikakuuliza, "Wewe umeona meli ngapi?" Na wewe, kwa ile sauti yako ya upole inayoniua mpaka leo, ukaniuliza, "Na wewe, Baba?" Mama yako alicheka huko nje mpaka akaangusha mwiko.

Hukuniacha hapo. Ulivua kitambaa chako shingoni ukatoka uwanjani, ukaupa upepo mgongo, ukakishika pembe moja juu ya kichwa. Kikaruka mbele yako, kikaelekea kule ulikokuwa unatazama. Nilikiona, Nekesa. Nilikiona vizuri kabisa. Nikakuambia, "Gundi imekauka." Nikafunga karakana.

Na Jumapili ile ya bwawani unaikumbuka mwenyewe, lakini acha niiandike, kwa sababu sidhani kama nitapata kuona kitu kikubwa kuliko kile. Tulitoka kanisani, wanaume wawili wakaibeba juu ya chanja, na watu wote wa kambi ya wafanyakazi wakatufuata. Nikaiweka majini kwa mikono miwili. Ikalala ubavu. Watu wakaguna. Nilikuwa nimeijenga nyepesi, maana sanduku la fundi husifiwa kwa wepesi, na hilo lilikuwa kosa langu jingine. Mama yako akasema ina njaa. Nikafungua kile kifuniko cha sakafuni, nikamwaga ndani mkebe wangu mzima wa misumari, ya inchi nne, ya inchi mbili, ya kupigilia mabati, yote. Ikajiinua yenyewe, polepole, ikasimama wima.

Halafu upepo ukaja kutoka upande wa Kilimambogo. Tuliusikia kwanza kwenye mikima, ile miti ya kivuli, kisha ukateremka majini, na matanga yale ya marekani yakavimba. Hakuna aliyeisukuma. Ikaondoka. Mwanangu, nilikuwa naijua ile meli kama ninavyojua vidole vyangu, na ilipoondoka sikuijua tena. Ilikuwa na mambo yake. Ilipasua maji ikaacha njia nyuma yake, na watu wote wale, watu wa pasi, watu wa filimbi, ambao hawakuweza kuvuka daraja kwenda kumzika ndugu bila karatasi, walisimama pale ukingoni wakiisindikiza kwa macho. Mlinzi wa shamba, aliyezoea kutuuliza sisi sote tunakwenda wapi, hiyo hakuiuliza. Mama yako alisema neno moja tu, "Imeenda," na machozi yakamtoka mbele za watu, naye si mtu wa kulia mbele za watu.

Na bendera zangu, ngumu kwa gundi, zilikuwa zinatuangalia sisi. Matanga yote yamejaa kuelekea mbele, na zile bendera peke yake zinarudi nyuma, zinashindana na upepo uliokuwa unabeba kila kitu. Ulizitazama. Kisha ukanitazama mimi. Hukusema kitu, na miaka yote hii hujasema, hata wageni walipokuja wakaisifu meli ukiwa umesimama hapo na sinia la chai. Ningependa ungesema.

Sasa nakuja kwenye jibu.

Nilipotoka Kimilili nilikuwa kijana kuliko wewe ulivyo sasa. Baba yangu hakutaka niondoke. Alitaka nishike jembe. Hakunikataza. Kwetu mzee akimuaga mtu wa safari humtemea mate kidogo viganjani, baraka hiyo, na msafiri anajipaka kifuani. Asubuhi ile niliketi nje nikimngoja na mzigo wangu. Aliamka, akanipita, akaenda kwa ng'ombe. Jua likapanda. Nikaondoka na viganja vikavu. Hakunilaani, sitaki ufikiri hivyo, alikuwa mtu mwema. Alinyamaza tu. Alikufa kabla sijapata nauli ya kurudi, na ule ukimya wake nimekuwa nao mpaka sasa, sijapata pa kuutua.

Jana nilipokuambia habari za mvua, nilijisikia. Sauti ile ilikuwa ya baba yangu. Hata mwendo niliotoka nao mlangoni ulikuwa wake.

Nilikuambia kwamba Mombasa ni mbali, kwamba kuna joto, kwamba ile shule ya misheni pale Ruiru inatafuta mwalimu na ungekuwa unalala kwako. Hayo yote ni ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni hofu. Miaka ile niliona watu wakipakiwa kwenye malori, wengine hawakurudi, wengine walirudi hawajui kucheka. Nikajifunza kutaka kila mtu wangu awe pale ambapo nikimwita atasikia. Hatari ilipopita, mimi sikupita nayo. Nilikutaka hapa uwanjani, mahali pa kuitika, na nikaliita hilo upendo. Ni upendo, lakini umepigwa gundi ukiwa umeangalia nyuma.

Leo mchana, wewe ukiwa umekwenda kuwaaga wenzako, nilichemsha maji. Nikachovya kitambaa nikazikanda zile bendera, moja moja, mpaka gundi ikalegea. Gundi iliyokauka hulowa, nilijua hivyo hata siku ile. Moja ilichanika. Nikaenda kwa mama yako nikamwomba kitambaa chekundu. Hakuniuliza cha nini. Akakata pindo la kile anachovaa kanisani, akanifuata mpaka hapa, akaegemea mlango akanitazama nikiipaka gundi. Nilipomaliza alisema, "Alikuambia akiwa darasa la nne." Nikasema najua. Akasema, "Basi umefanya haraka," akaenda zake.

Sikupi kazi nyingi huko uendako, za mama yako zinatosha. Nakuomba moja. Siku utakayoiona bahari usiniandikie kwamba ni kubwa. Kila aliyeiona anasema ni kubwa, sijui tena ni ukubwa gani. Wahenga wanasema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nimetengeneza chombo kizima cha maji nisiyoyafika. Tafuta fundi wa vyombo vya baharini, mzee, umuulize ile boriti ya chini wao wanaiitaje, na zile mbavu, na ile sakafu isiyo meza. Niandikie majina yake. Ninataka kuijua meli yangu kwa jina, na ninataka kufundishwa na wewe, safari hii bila kubisha. Nikiwaza kwamba utasimama miguu yako miwili mbele ya kitu kile, wewe uliyezaliwa katika chumba cha tatu cha kambi ya kahawa, natetemeka kidogo, na si kwa hofu peke yake.

Kesho pale stesheni ya Ruiru, kabla hujapanda, njoo mbele yangu unyooshe viganja. Mchungaji akiwapo, atatazama pembeni kidogo. Nina mate ya kwako, na nina yale ambayo mimi sikupewa, utapata yote.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uikute alfajiri. Ukimaliza kuisoma usije kunitafuta tuongee, sitaweza, nitakuambia tena mambo ya mvua. Pita tu hapa karakana kabla hatujaondoka. Mlango nimeuacha wazi, na shuka nimeiondoa. Uliuliza kama ni ruhusa ya mdomo ama ya moyo. Angalia bendera.

Baba yako